Pluto, WebQuest na lile swali: kwa nini tisa?

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kodi kando kidogo. Nataka tuzungumzie sayari.

Nilipokuwa shule ya msingi tuliziimba darasa zima: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptune, Pluto. Tisa. Ukisahau Pluto, umekosa alama. Kumbe Pluto ilikuwa imeshaondolewa kwenye orodha na sisi hatukuambiwa! Nilikuja kujua baadaye sana, tena kwa bahati tu.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1995. Wavuti ilikuwa bado changa. Bill Arnett alikuwa ameanzisha tovuti yake, The Nine Planets, mwaka 1994, yenye picha na takwimu za kila sayari. Ungedhani mambo yameisha: mkalishe mtoto mbele ya kompyuta, asome, ajue.

Bernie Dodge, profesa katika chuo kikuu cha San Diego State kule California, aliona mambo hayaendi hivyo. Ukimtuma mtoto atafute joto la Zuhura, atanakili "nyuzijoto 465", atabandika, atafunga ukurasa. Amepata jibu lakini hakufikiri. Basi mwaka huo huo, yeye na Tom March wakaunda mtindo wa somo walioupa jina WebQuest. Una sehemu zake: utangulizi, kazi, hatua za kufuata, vyanzo, tathmini na hitimisho. Vyanzo huchaguliwa na mwalimu mapema ili watoto wasipotee mtandaoni. Somo fupi huchukua kipindi kimoja hadi vitatu. Refu huweza kufika mwezi.

Utamu uko kwenye ile kazi. Tuseme watoto wanaambiwa: ninyi ni kamati, chagueni sayari ya kupeleka watu. Mmoja ni mhandisi, mwingine daktari, mwingine mtaalamu wa hali ya hewa. Zuhura ina mvutano unaokaribia wa Dunia, lakini joto lake linayeyusha risasi na hewa yake inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu. Mirihi ni baridi, na hewa yake haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa yetu. Hapo ile 465 si namba ya kunakili tena, ni hoja ya kumshinda mwenzako.

Kisha ikafika tarehe 24 Agosti 2006. Mjini Prague, Muungano wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetangazwa Eris, yenye ukubwa unaokaribia wa Pluto, na kama Pluto ni sayari, Eris utaikataliaje? Yakawekwa masharti matatu: izunguke Jua, iwe na umbo la mviringo, na iwe imefagia njia yake. Pluto ikaanguka kwenye la tatu.

Siku ile kurasa nyingi za mtandao zilipitwa na wakati. Moja inasema tisa, nyingine nane. Mtoto aliyezoea kunakili akabaki ameduwaa. Aliyezoea kuuliza akapata somo bora kuliko yote: hii hapa Pluto, hii Eris, hii Ceres, ambayo iliitwa sayari ilipogunduliwa mwaka 1801 kisha ikavuliwa cheo. Masharti ni haya matatu. Amua, kisha utetee uamuzi wako.

Mimi ni mwandika programu, na kuna jambo hapa linaniuma. Viungo vingi vya masomo yale vimekufa. Michezo ya sayari iliyotengenezwa kwa Flash ilizimika Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Ufundi wetu unaoza upesi, jamani. Lakini swali halijaoza. New Horizons ilipopita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015 na kutuonyesha milima ya barafu, mjadala uliwaka upya.

Kwa hiyo, mwalimu unayesubiri kompyuta ifike, anza na chaki. Gawa darasa kamati, waandikie yale masharti matatu ubaoni, waache wabishane. Mtandao ukija, watakuwa tayari wanajua cha kuutafutia.

Nami ningerudishwa darasa lile, nisingeomba mashine. Ningeomba mtu mmoja tu atukatize wimbo na kutuuliza: kwa nini tisa?