Kabla ya nailoni kulikuwa na kihenge

Wengi wanaamini nailoni iliondoka jikoni Juni 1, 2019, siku Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Haikuondoka. Kilichokatazwa ni mifuko ya kubebea, ile tuliyoiita rambo kwa jina la yule shujaa wa sinema. Vifungashio vya vyakula vya viwandani viliruhusiwa, na hapa Mwanza havikuchelewa kugeuzwa mifuko ya nyanya, dagaa, hata ubwabwa wa moto. Mwaka 2021 serikali ikabidi irudi tena kuvikataza visitumike kama mifuko.

Kwa hiyo swali la kufungia chakula kwenye nini bado tunalo. Mimi naona tulilijibu zamani, halafu tukasahau.

Chukua michembe. Wasukuma humenya viazi vitamu vibichi, huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani hadi vikauke kabisa. Wakivichemsha kwanza ndipo wakaanika, hayo ni matobolwa. Yanakaa miezi mingi, yanavusha familia kipindi cha njaa. Mahindi, mtama na uwele viliwekwa kwenye kihenge, kilichosukwa kwa fito na kuinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite. Dagaa wa ziwani nao ni jua tu. Kanuni ni moja: toa maji kwanza, kuhifadhi baadaye.

Plastiki ilikuja na kanuni nyingine. Mwaka 1933 Fawcett na Gibson wa kampuni ya ICI, Uingereza, walipata polithini bila kuitafuta, wakichezea gesi kwenye mgandamizo mkubwa. Mwaka huohuo Marekani, Ralph Wiley wa kampuni ya Dow alikuwa akiosha vyombo vya maabara akakuta uchafu uliogoma kutoka. Uchafu huo ndio uliozaa Saran Wrap, karatasi ya plastiki iliyoingia majikoni kwao mwaka 1953. (Nailoni yenyewe ni kitu kingine kabisa, sisi tumeliazima jina tu.)

Karatasi hiyo kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke. Kwa mwenye friji ni sawa, nyama yake haikauki. Kwa asiye na friji, katika joto letu hili, ni kukifungia chakula pamoja na maji yake. Dagaa ambao hawajakauka vizuri wakifungwa humo hupata ukungu. Na ukungu si harufu tu: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 mikoa ya kati, Dodoma na Manyara. Mahindi makavu kweli hukaa salama hata kwenye mfuko usiopitisha hewa. Hatari ni ule unyevu uliobaki.

Kuna na suala la moto. Polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, wakati mafuta ya kukaangia sato hufika 170 au zaidi. Samaki akitoka karaini moja kwa moja hadi kwenye nailoni, mwenyewe unaona inavyojikunja. Zile karatasi za PVC zinazonata hulainishwa kwa kemikali zinazohamia kwenye mafuta, na sangara ana mafuta mengi. Mpoze kwenye ungo, kisha bakuli lenye mfuniko linatosha.

Ukitaka kuhakikisha, pita Mwaloni Kirumba. Dagaa wanaosafirishwa mbali wamo kwenye viroba. Kiroba nacho ni plastiki, lakini kimefumwa, na hewa inapita.