Kanda za Darini: Ndugu Watatu wa Detroit na Jina Waliloligomea

Katika biashara ya muziki kuna kitu kinachoitwa kanda ya majaribio. Hii ni kanda ambayo wanamuziki hurekodi si kwa ajili ya kuuzwa dukani, bali kumwonyesha mwenye kampuni ya santuri kile wanachokiweza. Mwenye kampuni akiipenda, mkataba hutiwa saini. Asipoipenda, kanda hurudi kabatini, na mara nyingi safari yake huishia hapo. Hufutwa ili kurekodiwa jambo jingine, huliwa na unyevu, au hutupwa siku ya kuhama nyumba. Sisi tuliozeeka redioni twaujua mchezo huo, maana tumeona kanda moja ikirekodiwa na kufutwa mara nyingi kwa sababu tu rafu zilijaa na fedha za kununua kanda mpya hazikuwapo.

Msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie kanda ambazo hazikufutwa.

Mwaka 2009 kampuni ndogo ya Chicago, Drag City, ilitoa santuri ya nyimbo 7 zilizorekodiwa mwaka 1975, yaani miaka 34 nyuma. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo ikatoa santuri ya pili, Spiritual, Mental, Physical, ambayo ni mkusanyiko wa kanda za majaribio za wanamuziki wale wale. Kundi lao liliitwa Death, yaani Kifo. Lilikuwa la ndugu watatu wa tumbo moja: David Hackney aliyepiga gitaa, Bobby aliyeimba na kupiga gitaa la besi, na Dannis aliyepiga dramu. Walikuwa vijana weusi wa Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, na muziki waliopiga ulikuwa roki, tena roki kali yenye mwendo wa kasi.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa tuutazame mji wenyewe. Detroit ndiko Berry Gordy alikoanzisha kampuni ya Motown mwaka 1959. Nyimbo za soul zilizotoka huko zilipigwa dunia nzima, hata kampuni hiyo ilipohamishia makao yake Los Angeles mwaka 1972. Kijana mweusi wa Detroit aliyeshika gitaa alitarajiwa kufuata njia hiyo ya soul na fanki. Roki ilikwisha kuhesabiwa kuwa mali ya wazungu, na stesheni za redio za Marekani zilikwisha kugawanyika, hizi za weusi na zile za weupe.

Hapo kuna kejeli ya historia. Waliouasisi muziki huo wa roki ni pamoja na Chuck Berry, Little Richard na mama mmoja mwimbaji wa nyimbo za dini aliyekuwa bingwa wa gitaa, Sister Rosetta Tharpe. Wote hao walikuwa weusi. Miaka 20 haikupita sana, na wajukuu wa nyumba wakaonekana wageni katika nyumba iliyojengwa na babu zao.

Baba yao akina Hackney alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Mwaka 1964 aliwakalisha wanawe mbele ya televisheni wawatazame Beatles, vijana wa Kiingereza waliokuwa wamefika Marekani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1971 ndugu hao walianza na bendi ya fanki. Baadaye David alikwenda kuwatazama The Who, kisha Alice Cooper, akarudi nyumbani akiwa na uamuzi mmoja: kuanzia sasa ni roki. Majirani walilalamika. Kelele walikuwa wamezizoea, ila hawakuelewa kwa nini vijana wao wapige muziki wa watu wengine.

Kisha likaja jina. Mwaka 1968 baba yao aligongwa na gari la mlevi akafariki. David, badala ya kukimbia neno kifo, aliamua kulikabili. Kwake yeye kifo hakikuwa mwisho, kilikuwa mlango wa kuingilia kwa Mungu, na alitaka watu walisikie neno hilo bila hofu. Alichora na alama ya pembetatu yenye nukta tatu, za roho, akili na mwili, na juu yake nukta ya nne ya Mwongozi. Jina la ile santuri ya mwaka 2011 limetoka kwenye nukta hizo.

Mwaka 1975 ndugu hao waliingia United Sound Systems, studio ambayo John Lee Hooker alirekodia wimbo wake maarufu wa bluzi, "Boogie Chillen'", mwaka 1948. Mpango ulikuwa nyimbo 12. Zilikamilika 7. Kwa maelezo ya ndugu wenyewe, kanda hizo zilimfikia Clive Davis, mmoja wa wakubwa wa biashara ya santuri Marekani, naye aliupenda muziki lakini akataka jina libadilishwe. Nani atanunua santuri iliyoandikwa Kifo?

David akakataa. Wadogo zake hawakuona sababu ya kulifia jina, lakini walisimama naye. Fedha za studio zikakatika, na kazi ikaishia katikati.

Mwaka 1976 walijitolea wenyewe santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500 tu. Upande mmoja ulikuwa na wimbo wa kuwashutumu wanasiasa, "Politicians in My Eyes". Redio hazikuushughulikia. Mwaka 1977 Death ikafa. Ndugu hao walihamia Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, wakapiga roki ya Injili kwa jina la The 4th Movement. Mwaka 1982 David alirudi Detroit. Bobby na Dannis walibaki Vermont wakaanzisha bendi ya rege, wakalea watoto, na habari za Death hawakuwasimulia hata watoto wao.

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikiandika historia nyingine. Mwaka ule ule wa 1976 Ramones wa New York walitoa santuri yao ya kwanza, na Sex Pistols wa London wakafuata. Muziki wao wa kasi, mfupi na wenye hasira uliitwa panki, na vitabu vikaandikwa kwamba ni kilio cha vijana weupe wa miji hiyo miwili. Sitaki kusema, kama wanavyosema wapenzi wengine, kwamba Death ndio waliouanzisha. Stooges na MC5, wote wa upande huo huo wa Detroit, walikwisha kulima shamba hilo mwaka 1969. Lakini kanda za mwaka 1975 zinathibitisha kwamba weusi walikuwamo shambani wakilima, na mwandishi wa historia hakuwaona kwa sababu mavuno yao hayakupelekwa sokoni.

Na hilo, msikilizaji, ndilo neno langu la leo. Historia ya muziki imeandikwa kutokana na vile vilivyopigwa muhuri na kampuni. Mtu mmoja ofisini akisema hapana, si wimbo tu unaokataliwa. Ushahidi nao unafichwa, na baada ya miaka 30 mtafiti atasema watu hao hawakuwapo.

Kilichowaokoa akina Hackney si ubishi wa David peke yake. Wabishi ni wengi, na wengi wao hawajulikani. Kilichowaokoa ni kwamba David alizitunza kanda. Kabla ya kufariki kwa saratani ya mapafu mwaka 2000, alimkabidhi Bobby kanda zile na kumwambia kwamba iko siku dunia itakuja kuzitafuta. Bobby akaziweka darini. Huku nyuma zile nakala 500 zilikuwa zikipita mikononi mwa wakusanyaji wa santuri, moja ikiuzwa kwa mamia ya dola. Mwishowe wana wa Bobby walizisikia nyimbo hizo kwa watu wa nje, wakaitambua sauti ya baba yao. Hapo ndipo kanda ziliposhushwa kutoka darini. Ndugu wawili waliobaki walirudi jukwaani na mpiga gitaa mwingine, na mwaka 2012 filamu ya maisha yao ikakamilika.

Je, David alikuwa na haki? Wapo wanaoisimulia hadithi hii kama ushindi mtamu. Mimi naona tusiifanye tamu kupita kiasi. Mtu huyu alikufa bila kuona hata nakala moja ya santuri yake ikiuzwa dukani Chicago. Wadogo zake walipoteza miaka ya ujana ambayo hakuna kampuni inayoweza kuirudisha. Jina jema hung'aa gizani, wanasema wahenga, lakini aliyelilipia jina lile hakuliona liking'aa.

Hata hivyo, tuchukue somo lililo mikononi mwetu. Kukubaliwa au kukataliwa na mkubwa fulani hakumo katika uwezo wa msanii. Kuhifadhi kumo. Wahenga walisema pia akiba haiozi, lakini kwa upande wa kanda sote tunajua kwamba huoza, tena upesi, kwa joto na unyevu. Aliye na kanda ya bendi ya baba yake, ya kwaya ya mtaani au ya kundi la shule lililovunjika, asisubiri mkubwa aje kumwambia kama ina thamani. Aiandike jina na mwaka, aiweke pakavu, aitafutie mtu wa kuinakili ingali inasikika. Kanda za Detroit zilisubiri miaka 34 na zikasikika. Nyingi za rika lake zilifutwa zamani, na hatutajua kamwe zilisema nini.