Kipuri kama Ushahidi: Magari ya Kijerumani na Uchongaji wa Vipuri katika Ukanda wa Singida, 1907–1984

Historia ya magari nchini Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya bandari. Tunafahamishwa nani aliagiza, ushuru gani ulitozwa na fedha za kigeni kiasi gani zilitumika. Gari likishatoka bandarini, hutoweka katika maandishi, ilhali maisha yake marefu ndiyo kwanza yanaanza. Insha hii inauliza swali la upande wa pili: gari la Kijerumani lililofika katikati ya nchi liliendelea kutembea kwa mikono ya nani, na kwa kipuri kipi? Singida panafaa kwa swali hilo. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 1963, unapitiwa na Reli ya Kati upande wa kusini, Manyoni na Itigi, lakini mji wa Singida wenyewe uko mbali na njia hiyo kuu. Aliyeharibikiwa na gari huko alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kusubiri, au kutengeneza kilichokosekana. Ninajenga hoja kwamba kipuri kilichochongwa katika mazingira hayo ni hati ya kihistoria, na kwamba ukarabati wa siku hizi, unaolenga kulirudisha gari katika hali ya kiwandani, unaweza kuifuta hati hiyo kwa nia njema kabisa.

Kusubiri kuna historia yake. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari la kiwanda cha Gaggenau lenye silinda nne, akikusudia kulivuka bara la Afrika hadi Swakopmund. Aliwasili tarehe 1 Mei 1909. Siku 630 hizo hazikuwa zote za mwendo. Sehemu kubwa ilipotea katika kusubiri vipuri na petroli, na petroli yenyewe ilitangulizwa njiani kwa mabega ya wapagazi. Waandishi wengi humtaja Graetz kama mtangulizi wa enzi ya motokaa. Mimi naona safari yake inaonyesha jambo jingine: gari la kwanza kuvuka bara hili lilibebwa na uchumi wa misafara, uchumi uleule ambao njia yake kuu kati ya Mpwapwa na Tabora ilipita Kilimatinde, katika wilaya ya sasa ya Manyoni. Kipuri kilichotoka Ujerumani kilisafiri kwa meli, kisha kwa reli ambayo wakati huo ilikuwa bado haijafika Morogoro, kisha kwa miguu ya watu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifunga hata njia hiyo. Manowari za Uingereza zilipoizuia pwani, koloni lilianza kujitengenezea. Mpira wa mashambani ulichanganywa na salfa ili kupata matairi, na mbata ilitumika kutengeneza mafuta ya magari yaliyoitwa trebol. Baada ya meli ya kivita ya Königsberg kuzamishwa Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa na kuundiwa magurudumu katika karakana za reli za Dar es Salaam. Mfano unaoigusa Singida moja kwa moja ni wa mwaka 1916. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ilipelekwa katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, na kugeuzwa kuwa sarafu za rupia 15. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Sarafu si kipuri cha gari, nami sidai hivyo. Lakini anayechonga muhuri wa sarafu na anayechonga bushi ya gari wanahitaji vitu vilevile: chuma cha kukata chuma, jicho la kupima na mahali pa kujifunzia. Mwaka 1916 mahali hapo palikuwa karakana ya reli.

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi lililozoeleka, linaloona ufundi wa gereji kuwa mtoto wa uhaba wa miaka ya 1970. Uhaba haufundishi kukereza. Ufundi ulikuwapo kabla yake, na njia yake ilikuwa reli. Waingereza walipoiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, walikuta madaraja yamelipuliwa. Walibadilisha magurudumu ya malori mepesi ili yapite juu ya reli, wakayatumia kuvuta mizigo. Gari na reli vikawa kazi ya karakana moja. Katika utawala wao, karakana hizo ziliendelea kuajiri mafundi, wakiwemo wengi wenye asili ya Kihindi, na vijana wa Kiafrika walioanza kwa kushika taa na kuosha vyuma. Lugha ya gereji bado inatunza safu hizo. Kijerumani kilituachia shule na hela, lakini bushi, gasketi, kabureta, klachi na springi vyote vimetokana na Kiingereza. Neno gari limetoka India na karakana ni la Kiajemi. Fundi anayefungua injini ya Kijerumani hutaja viungo vyake kwa majina ambayo waliomuunda Mjerumani huyo wa chuma hawakuyatumia.

Magari ya Kijerumani yaliongezeka hasa baada ya Vita vya Pili. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuzipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyatangaza kuliko tangazo lolote la gazeti: Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na Mercedes ikashinda mfululizo mwaka 1959, 1960 na 1961. Sifa mbili hizo ziligawanyika kitabaka. Mercedes ilizaa neno “Wabenzi”, ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa shutuma. Volkswagen ndogo haikuwa na aibu hiyo. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta. Katika nyanda kavu za Singida, ambako maji hutafutwa kwanza kwa ajili ya watu na mifugo, hilo halikuwa jambo dogo. Aidha, injini hukaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo gari hujikwamua mchangani kuliko mengi ya umbo lake.

Kuna tofauti ya kiufundi ambayo wanahistoria wameipita bila kuitazama. Hadi matoleo ya mwaka 1965, magurudumu ya mbele ya Volkswagen hiyo yaligeukia kwenye kingipini zilizovishwa bushi za shaba. Kuanzia matoleo ya 1966 kiwanda kiliweka boljointi. Vumbi huzila zote mbili. Lakini bushi ya shaba ni bomba fupi: fundi mwenye mashine ya kukerezea hupima kingipini iliyolika, hukereza bushi yenye tundu dogo kidogo kuliko linalotakiwa, huipigilia mahali pake, kisha hulipanua tundu polepole mpaka pini ipite kwa kusukumwa na kidole gumba bila kucheza. Boljointi, ambayo ni tufe lililofungiwa ndani ya kikombe cha chuma kigumu, haikubali kazi hiyo kwa urahisi. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio: gari la mwaka 1962 laweza kukarabatika kienyeji kuliko la mwaka 1968. Kinachoamua uhai wa gari mbali na kiwanda ni kama viungo vyake vinakubali kuchongwa upya, na umri huja baadaye.

Mwaka 1978 milango miwili ilifungwa kwa pamoja. Mwezi Januari Ujerumani iliacha kuunda Volkswagen hiyo, ingawa Mexico iliendelea hadi Julai 2003. Mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Gharama za vita, zikifuatwa na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, zilimaliza fedha za kigeni. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Uagizaji ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na kipuri kilipatikana kwa kibali, kwa kufahamiana au kwa magendo. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliifanya njia hiyo ya tatu kuwa ya hatari. Sera yenyewe ilitambua umuhimu wa uchongaji: SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikusudiwa kukuza viwanda vidogo mikoani.

Katika mazingira hayo kila kitu chakavu kilikuwa malighafi. Tairi lililotoa katambuga lilitoa pia mpira wa kushikilia injini. Karatasi nene iliyopakwa mafuta ilikatwa kuwa gasketi. Springi ya lori ilifuliwa upya kwa moto na nyundo. Ingekuwa upotoshaji, hata hivyo, kuusifu ustadi huu bila mipaka. Pampu ya dizeli ya Mercedes ina plunja iliyolinganishwa na silinda yake kwa vipimo vya elfu chache za milimita, na hakuna kitu cha kukisia hapo. Gari lenye pampu iliyokufa liliwekwa juu ya mawe likawa ghala la vipuri vya mengine. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na haja ya kuchonga ikaanza kupungua.

Magari yaliyookoka kipindi hicho sasa yanatafutwa na wapenzi wa magari ya kale. Ukarabati wa kawaida huanza kwa kuondoa kila kisicho cha kiwanda, na vipuri halisi huagizwa nje, kwa kuwa viwanda vya Ujerumani vina idara maalumu za kazi hiyo. Bushi iliyochongwa huishia kwenye chuma chakavu na kuyeyushwa. Mtazamo huo haukubaliani hata na wakarabati wa kimataifa wenyewe. Mkataba wa Turin, ulioidhinishwa na shirikisho la FIVA mwaka 2012, unalihesabu gari la kale kuwa urithi wa kitamaduni na unataka mabadiliko yaliyotokea katika maisha yake yaheshimiwe, si hali ya siku lilipotoka kiwandani peke yake.

Kwa mtafiti wa Tanzania suala hili ni la chanzo. Aliyechonga bushi hakuandika daftari, hakupewa cheti na jina lake halimo katika ripoti ya mwaka ya idara yoyote. Alama za kisu cha mashine yake juu ya shaba ndiyo saini yake: upana wa mkato huonyesha mashine aliyokuwa nayo, na rangi ya metali hudokeza ilikotoka. Ninapendekeza basi kwamba kila ukarabati wa gari la namna hii uhifadhi vipuri vinavyotolewa, vikiwa vimepigwa picha, vimepimwa na kufungiwa lebo ya namba ya gari na mahali vilipokaa. Sanduku moja la mbao chini ya kiti cha nyuma lingetosha.