Mbabula ya Udongo: Jinsi Ilivyoenea Katika Inchi Zetu

Historia si habari za wafalme na za vita tu. Vyombo vya jikoni navyo vina historia yao, na mara nyingi historia hiyo yagusa watu wengi kuliko habari za wakubwa. Leo twataka kueleza habari za chombo kimoja kidogo: mbabula yenye udongo ndani, ambayo wenzetu wa Kenya huiita jiko. Tutaona jinsi vyama vya watu wa kawaida, akina mama pamoja na mafundi, walivyofundisha miji mizima kupika kwa makala kidogo. Wengi wao walijitolea bila mshahara.

Kwanza tujiulize: makala yatoka wapi? Mtu wa mjini anunua mfuko wake sokoni, wala haoni mti wo wote. Lakini huko mlimani mchoma makala amekata magogo, ameyapanga, ameyafunika kwa majani na udongo, amewasha moto, kisha amengoja siku nyingi. Katika tanuru ya namna hiyo sehemu kubwa ya nguvu za mti hupotea bure. Ili kupata kilo 1 ya makala, mara nyingi zatakiwa kilo 5 mpaka 10 za kuni. Basi mama anayeokoa kilo 1 ya makala jikoni mwake, kule msituni ameokoa mara tano au mara kumi ya uzito huo. Hesabu hii ndiyo mzizi wa habari yote tutakayoeleza.

Mbabula ya bati tupu ni ya zamani. Wengi wanaoandika historia yake husema kwamba iliingia Kenya pamoja na Wahindi waliojenga njia ya reli toka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, na fundi aliweza kuitengeneza kwa mabati ya mapipa ya kale. Lakini ilikuwa na ubaya mmoja: bati hupitisha moto upesi. Ukikaa karibu nayo, miguu yako yaota moto vizuri, na sufuria yangoja. Wataalamu walipopima, waliona ya kuwa katika sehemu 100 za moto wa makala, sehemu 10 mpaka 20 tu ziliingia katika chakula. Nyingine zote zilikwenda hewani.

Kwa miaka mingi watu hawakujali, kwa kuwa misitu ilikuwa karibu. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1973, bei ya petroli ilipopanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Wengi waliokuwa wakitumaini kupikia mafuta ya taa waliona mfuko wao hautoshi. Tena miji ilikuwa ikikua haraka. Akina mama wa vijijini nao walilia kwamba kuni zaenda mbali kila mwaka. Kilio hicho alikisikia Bibi Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977, pamoja na Baraza la Wanawake wa Kenya, alipanda miti saba katika kiwanja cha Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa chama cha Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo la Nobel la Amani.

Lakini kupanda mti ni kazi ya miaka, na chakula kinatakiwa leo. Ndiyo maana wengine walianza kufikiri upande wa pili: tuweze kupika kwa makala kidogo zaidi. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nguvu mpya za moto na umeme. Wakati ule vyama vingi vya Kenya visivyo vya serikali viliungana pamoja, na muungano wao ukaitwa KENGO. Kazi yao moja ilikuwa kueneza majiko yanayookoa makala na kuni.

Mafundi wa Kenya walikuwa wamesikia kwamba huko Thailand watu hupikia jiko kama ndoo, lenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Wengine walisafiri kulitazama. Waliporudi hawakuliiga tu, kwa maana jiko lile lilikuwa zito, wala halikufaa kwa mapishi ya kwao. Majaribio ya kwanza yalileta huzuni: udongo ulipasuka, na watu walionunua wakanung'unika. Ndipo mafundi walipofahamu jambo ambalo wangelijua tangu mwanzo kama wangeliwauliza akina mama. Jiko si la fundi. Jiko ni la mpishi. Lazima lisimame imara mama akisonga bugali kwa nguvu zake zote. Lazima lipokee sufuria ndogo na kubwa. Lazima liwe jepesi, apate kulitoa nje na kulirudisha ndani.

Basi wakabadili umbo. Kwa nje bati likawa jembamba katikati, pana juu na chini. Udongo wakauweka sehemu ya juu tu, mahali pa makala, ukiwa na matundu ya kupitisha majivu na hewa. Chini wakaacha mlango mdogo wa kufungua na kufunga. Mlango ukiwa wazi, moto wawaka kwa nguvu. Ukifungwa nusu, maharagi yachemka polepole na makala yakaa muda mrefu. Udongo hushika moto wala hauuachi kukimbia. Kwa jiko hili, katika sehemu 100 za moto, sehemu 25 mpaka 40 ziliingia katika chakula.

Je, liliwafikiaje watu? Hapo ndipo kazi ya kujitolea ilipoonekana. Maendeleo ya Wanawake, chama cha akina mama kilichoanzishwa mwaka 1952, kilikuwa na vikundi mpaka vijijini. Wanachama wake walijifunza kwanza wenyewe, kisha wakawafundisha jirani zao. Huko mashambani, mahali watu wanapopikia kuni, walieneza jiko jingine la udongo lililofaa kwa kuni. Njia ya kufundisha ilikuwa rahisi: kupika chakula kile kile juu ya majiko mawili mbele ya watu, la kale na jipya, na kupima makala kabla na baada. Maneno mengi hayakuhitajiwa. Mama aliyeona kwa macho yake kilichobaki katika kikapu alirudi nyumbani akihesabu fedha yake.

Mafundi wa mabati wa Shauri Moyo, Nairobi, nao walishika kazi hii. Hakuna aliyewakataza kuiga, wala bei haikusaidiwa kwa fedha ya serikali. Kila fundi aliuza kwa faida yake, na kwa kuwa walishindana, bei ilishuka toka dola 15 hivi za Marekani mpaka dola 2 au 5. Kufikia mwaka 1995 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumiwa Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Wenye kupima walisema kwamba mtu mmoja aliyekuwa akitumia kilo 0.67 za makala kwa siku, sasa alitumia kilo 0.39. Kwa jamaa ya watu sita, hiyo ni zaidi ya kilo 600 kwa mwaka. Ukizidisha kwa tano tu, waona ya kuwa nyumba moja iliokoa tani 3 za kuni.

Hata hivyo tusifiche upande mwingine. Uhuru ule wa kuiga ulileta pia mafundi wa haraka, waliouza udongo usiochomwa vizuri. Baada ya miezi michache ulipasuka, na mnunuzi akabaki na mbabula ya bati kama zamani. Aliyetaka kuokoa senti chache alipoteza nyingi: rahisi ni ghali. Kutoka Kenya jiko hilo, au ndugu zake, lilifika Tanzania, Uganda, Rwanda na Etiopia. Rwanda watu walikuwa na jina lao zuri kwa jiko la kuokoa kuni: rondereza, maana yake tumia kwa kiasi.

Sasa tugeukie kwetu Kivu. Mbuga ya Virunga ilitengwa mwaka 1925, nayo ndiyo ya kwanza katika Afrika. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka toka Rwanda, wakawekwa Kibumba, Katale na Mugunga, kando kando ya mbuga. Watu hao walikuwa na njaa, na chakula kibichi hakiliwi; wakakata miti. Nani atawahukumu? Mwaka ule ule UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya mahali penye hatari. Vita vikaendelea, na makala ya mbuga yakawa biashara kubwa ya watu wenye bunduki. Mwezi wa Julai 2007 sokwe wa milimani wa jamaa ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na wengi waliona mkono wa wafanya biashara ya makala katika mauaji hayo.

Mwaka huo wa 2007 shirika la WWF lilianza kazi iitwayo EcoMakala. Pamoja na vyama vya wenyeji, wakulima walipanda miti katika mashamba yao wenyewe, ili Goma ipate makala yasiyotoka mbugani. Baadaye mbabula za kuokoa makala ziliongezwa katika kazi hiyo. Mwisho wa mwaka 2015 mtambo wa umeme wa Matebe ulifunguliwa Rutshuru. Lakini vita vilileta tena wakimbizi kando ya mbuga toka mwaka 2022, na umeme haujaingia kila jiko. Jamaa nyingi zingali zikipikia makala.

Historia hii yatufundisha nini? Kwanza, kwamba mbabula peke yake haiokoi msitu. Kenya yenyewe, pamoja na majiko yake yote, ililazimika mwezi wa Februari 2018 kukataza ukataji katika misitu ya serikali. Kuokoa na kupanda ni kama miguu miwili. Mwenye mguu mmoja haendi mbali. Pili, kwamba moshi na hewa ya makala zaua. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu ya kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani. Hata mbabula nzuri hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu: watu wasilale kamwe nayo katika chumba kilichofungwa.

Tatu, kwamba kazi hii yaanza kwa mambo madogo. Maharagi yalowekwe toka jioni. Sufuria ifunikwe. Mlango wa mbabula ufungwe nusu chakula kikianza kuchemka. Makala yanayobaki yazimwe, yatumike kesho. Wanaojua wawafundishe jirani, kama walivyofanya akina mama wale wa Kenya, bila kungoja mshahara. Na anayenunua mbabula mpya augonge udongo kwa kidole kabla ya kutoa fedha: uliochomwa vizuri hulia kama chungu kizima, mbovu hunyamaza. Haba na haba hujaza kibaba, na kilo moja jikoni ni kilo tano mlimani.