Namna kurasa za intaneti zilivyoingia katika simu ndogo

Kurasa za intaneti zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Mwenye simu ndogo hakufikiriwa.

Mwaka 1998 ulikuja utaratibu wa WAP. Mwenye tovuti alitakiwa kuandika kurasa zake upya kwa lugha nyingine, na simu ikaonyesha mistari michache tu. Wengi hawakujisumbua, kwa hiyo msomaji wa simu alilishwa makombo. Japani walifanya vizuri zaidi na huduma ya i-mode, iliyoanza Februari 1999.

Hatua iliyowafaa zaidi watu wenye mega chache ilitoka Norway. Opera Mini, iliyotolewa dunia nzima Januari 2006, haikungoja wenye tovuti wabadilike. Kompyuta za kampuni zilichukua ukurasa, zikaukandamiza, zikaupanga kuwa safu moja, kisha zikautuma kwenye simu. Kampuni ilisema uzito uliweza kupungua hadi kwa asilimia 90. Hata simu ya vibonye ilisoma.

iPhone ya mwaka 2007 ilisifiwa kuliko hiyo, ingawa ilionyesha ukurasa mzima ukiwa umepunguzwa kama picha. Msomaji aligonga mara mbili ili kukuza maandishi, kisha akausukuma kushoto na kulia. Habari ndefu ilichosha macho na kidole.

Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza njia nyingine: ukurasa uandikwe mara moja, upana upimwe kwa asilimia, picha zipungue pamoja na safu, na ukurasa ujipange upya kufuatana na upana wa kioo. Safu tatu za kompyuta zinashuka kuwa moja kwenye simu. Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi ya juu kurasa za namna hiyo kwa wanaotafuta kwa simu, na hapo hata wavivu wakaamka.

Lakini kutosha kwenye kioo si kuwa nyepesi. Mara nyingi simu hupakua picha kubwa ile ile ya kompyuta, kisha huionyesha ikiwa ndogo. Mega zimekwisha kwenda. Kwa familia ya wahami inayotafuta tangazo la ugawaji wa chakula, picha iliyo juu ya tangazo inaweza kuwa nzito mara mia kuliko maandishi yenyewe. Tangu 2014 kuna njia ya kuiacha simu ichague picha ndogo, ila anayeandaa ukurasa ndiye anayepaswa kuiweka hiyo picha ndogo.