Utambuzi na Utambulisho: Historia Fupi ya Ulinzi wa Mawasiliano katika Mwambao wa Mwanza

Katika makala haya nakusudia kueleza mambo mawili ambayo kila mlinzi wa mawasiliano hana budi kuwa nayo kabla ya kuanza kazi yake. La kwanza ni daftari la vyombo vilivyo chini ya ulinzi wake. La pili ni neno la ruhusa, yaani lile linalomwezesha kukiuliza chombo hali yake nacho kikamjibu. Siku hizi mambo haya husemwa kwa habari ya kompyuta, maana programu ya kuangalia mtandao haiwezi kufanya lolote mpaka imepewa hati za utambulisho na kuamriwa itafute vyombo vyake. Lakini mtu aijuaye historia ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria ataona kwamba jambo lenyewe si geni. Limetokea huko mara kadhaa kwa sura mbalimbali, na kila palipokosekana moja katika hayo mawili, hasara ilifuata. Tena, kwa sisi tunaoshughulika na lugha, limo swali la maneno: je, kazi hii tuiite ugunduzi au utambuzi? Nitajaribu kuonyesha kwamba historia imekwisha kutujibu.

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, aliyekuwa amemwacha mwenzake Richard Burton Tabora, alifika Mwanza akaliona ziwa. Alikaa siku chache tu. Aliona ghuba na visiwa, akasikiliza habari za wenyeji, kisha akakata shauri kwamba maji yale ndiyo chimbuko la mto Nile. Shauri lake lilikuwa sawa, lakini ushahidi wake ulikuwa wa upande mmoja, na Burton alikataa kuukubali. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1875, ambapo Henry Morton Stanley alishusha mashua yake majini huko Kageyi, si mbali na Mwanza, akalizunguka ziwa tangu Machi hata Mei, ghuba baada ya ghuba. Hapo ndipo ilipojulikana kwa hakika kwamba ziwa ni moja, wala si maziwa mengi yaliyo karibu karibu. Tofauti ya watu hawa wawili yafaa kukumbukwa, maana tutaikuta tena mbele: mmoja alisimama mahali pamoja akakisia yaliyobaki, wa pili alipita kila mahali akauliza.

Vitabu vya Wazungu viliandika kwamba ziwa limegunduliwa. Lakini Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Wajaluo na Waganda, waliokuwa wakivua na kufanya biashara ndani yake kwa mitumbwi, hawakuwa wamelipoteza. Kilichobadilika ni daftari la mgeni. Ziwa lilikuwa vile vile.

Safari hiyo ya Stanley yatupa na funzo la pili. Kwa Kabaka Mutesa alipokewa kwa heshima, kwa kuwa habari zake zilikuwa zimemtangulia. Alipokuwa akirudi kusini kwa upande wa magharibi, mitumbwi ya Waganda aliyoahidiwa ilichelewa nyuma, naye akafika kisiwa cha Bumbire mwishoni mwa Aprili bila mtu wa kumjulisha. Wenyeji waliivuta mashua yake nchi kavu, wakamnyang'anya makasia. Akaponea chupuchupu kwa kupiga bunduki. Mwezi wa Agosti alirudi na kikosi akawashambulia, na watu wengi wakafa. Haifai kumhesabia haki mwenye bunduki, wala sina haja ya kurefusha kesi ile hapa. Neno langu ni hili tu, kwamba kukijua kisiwa mahali kilipo ni jambo moja, na kukubaliwa na wenye kisiwa ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na la kwanza akakosa la pili.

Tuje sasa kwenye mawasiliano ya mitambo. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 serikali ya Wajerumani ilikuwa imejenga vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba. Kwa vituo hivyo habari zilivuka ziwa bila kungoja meli. Lakini chombo kinachosema husikika na adui pia, na mlingoti wake huonekana mbali. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwa meli, wakaushambulia mji wa Bukoba tangu tarehe 21 hata 23. Shabaha yao kubwa ilikuwa kituo kile cha simu ya upepo, nao walikivunja. Mwanza yenyewe ilitwaliwa Julai 1916. Hapo yaonekana kwamba kutafuta vyombo si kazi ya mlinzi peke yake, kwani mshambuliaji naye hutafuta, na kama daftari lake ni kamili kuliko la mlinzi, basi vita vimekwisha kuamuliwa.

Baada ya hapo waangalizi walibadilika mara nyingi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Posta na simu ziliendeshwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika sehemu yake. Mwaka 1994 upande wa Tanzania uligawanywa tena, posta ikawa mbali na simu. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulio chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo ulianza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umeifikia Mwanza na mipaka ya nchi jirani. Toka hapo ofisi, hospitali na vyuo vya mwambao huo vikawa na vyombo vingi kuliko mtu mmoja awezavyo kuvikumbuka kwa kichwa.

Yatupasa sasa kueleza jinsi programu ya kuangalia mtandao inavyofanya kazi yake ya kwanza. Msimamizi huipa safu ya anwani, na safu ndogo ya kawaida ina anwani 254 zinazoweza kupewa vyombo. Programu huzipitia moja moja, na kwa kila anwani hupiga mwito mfupi na kungoja mwangwi. Mwito huo ulitungwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi wa Desemba 1983, naye aliuita ping kwa kufuata mlio utumiwao na manowari kupima vitu vilivyo majini. Anayejibu huandikwa kuwa yupo. Kisha huulizwa jina lake, aina yake, na majirani anaowajua. Na majirani hao nao huendewa na kuulizwa vivyo hivyo. Ndiyo safari ya Stanley, ghuba baada ya ghuba.

Lakini kuna hatari ya kurudi kwa Speke. Kabla ya mkongo, taasisi nyingi za Afrika Mashariki zilitegemea setelaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali lililopita huko pamoja na jibu lake lilichukua karibu nusu sekunde kwa mwendo wa nuru peke yake, bila kuhesabu foleni za njiani. Programu iliyowekewa muda mfupi wa kungoja ingekiandika chombo kizima kuwa kimekufa. Umeme nao hukatika: chombo kilichozimwa saa ile ya ukaguzi hakimo katika daftari, ingawa kesho yake kitafanya kazi. Na vipo vyombo vilivyoamriwa visiitikie mwito, lakini vinasikia. Kwa hiyo msimamizi mwenye busara hutafuta kwa saa mbalimbali, huongeza muda wa kungoja kwa vituo vya mbali, na hulinganisha alichokiona na orodha ya vitu vilivyonunuliwa. Ukimya haumaanishi kwamba hapana mtu.

Hasara ya daftari lisilotimia inajulikana Mwanza kuliko mahali pengi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa kufika bandarini. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa, bali wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makisio, kati ya mamia mengi na elfu moja. Siwalinganishi binadamu na mashine. Lakini kanuni ya daftari ni ile ile, kwamba asiyeandikwa hakosekani machoni pa mwandishi, na kwa hiyo hatafutwi. Mashine ya kuhifadhi damu hospitalini ambayo kengele yake hupita katika mtandao, kama haimo katika daftari la mwangalizi, itanyamaza usiku bila mtu kujua kwamba imenyamaza.

Jambo la pili ni neno la ruhusa. Mwezi wa Agosti 1988 Jeffrey Case na wenzake watatu walitangaza kanuni ya mazungumzo iitwayo SNMP, ambayo kwayo mwangalizi hukiuliza chombo habari zake. Katika kanuni hiyo kila ombi huchukua neno moja la jumuiya. Chombo kikiliona kuwa ndilo, hujibu. Watengenezaji wengi waliweka tangu kiwandani neno "public", yaani la watu wote, kwa kusoma, na neno "private", yaani la faragha, kwa kubadili. Msomaji ataona kichekesho kilichomo: faragha ambayo dunia nzima inaijua. Zaidi ya hayo, neno hilo husafiri wazi bila kufichwa. Basi programu inapoambiwa itafute vyombo katika safu nzima ya anwani, hulitangaza neno la siri kwa kila anwani, hata kwa mgeni aliyekaa kimya akisikiliza. Mlinzi apitaye mlango kwa mlango akilitamka neno la lango kwa sauti amekwisha kuligawa kwa wezi.

Hatari hii haikuwa ya kubuni. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizitwaa kamera na vyombo vingine vidogo vya mtandao kwa wingi, duniani kote, kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi zisizozidi sana 60. Haikuvunja kufuli yoyote. Ilikuta funguo mlangoni. Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, kwa kuwa toleo la tatu la SNMP lilithibitishwa kuwa kanuni kamili mwezi wa Desemba 2002. Katika toleo hilo mwulizaji hujitaja kwa jina lake, huthibitisha kwamba ndiye, na mazungumzo yenyewe hufichwa. Pamoja na dawa hiyo yafaa kufuata desturi tatu. Mwangalizi apewe ruhusa ya kusoma tu, wala si ya kubadili. Chombo kiambiwe ni anwani ipi peke yake inayoruhusiwa kukiuliza. Na maneno yenyewe yawekwe mahali ambapo ofisi inaweza kuyapata, yasiwe katika kichwa cha fundi mmoja. Maana akihamishwa kwenda Tabora au Dodoma, mtandao mzima huwa kiziwi siku ile ile, ingawa hakuna kilichoharibika.

Sasa niligeukie suala la lugha. Tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, Kiswahili kimeingia ndani ya programu zenyewe, na maneno kama nywila na nenosiri yamezoeleka. Lakini kwa kazi ya kutafuta vyombo wafasiri wengine hutumia ugunduzi. Neno hili lina kasoro ile ile tuliyoiona kwa Speke. Hudokeza kwamba kitu kilikuwa kimefichika kwa wote, na kwamba heshima ni ya aliyekiona. Fundi aliyefunzwa kwa neno hilo atadhani kwamba programu ikimaliza kugundua, kazi imekwisha, na ambacho haikukigundua hakipo.

Utambuzi ni neno bora. Mtu hutambua kilichokuwapo kabla yake. Akishindwa kukitambua, upungufu ni wake. Kuna na faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika Kiingereza majina ya kazi hizi mbili hayana udugu. Katika Kiswahili zote mbili zatoka katika shina moja: mwangalizi hutambua chombo, naye hujitambulisha kwacho. Utambuzi na utambulisho ni ndugu wa tumbo moja, na kinyambuo cha kutendana, kutambuana, huzikusanya pamoja. Mwangalizi asiyetambua vyombo vyake ni Speke juu ya kilima. Asiyeweza kujitambulisha kwavyo ni Stanley mbele ya Bumbire. Ulinzi huanza pale pande mbili zinapotambuana.

Hata jina mtandao, litokanalo na kutanda, latukumbusha jambo hilo. Wavuvi wa Ukerewe wajua kwamba wavu uliotandwa vizuri hukaguliwa tundu kwa tundu kabla ya kurudishwa majini, maana samaki hupita penye tundu moja lililosahauliwa. Ni matumaini yangu kwamba wenzetu watungao istilahi watalipima pendekezo hili, na kwamba walioko Mwanza, Musoma na Bukoba watatuletea maneno ambayo mafundi wa huko wameyatunga wenyewe kazini. Huenda wakawa wamekwisha kututangulia, kama wenyeji wa ziwa walivyomtangulia Speke.