Mbunifu wa mavazi anapogeukia ualimu wa nguo

KWA mbunifu wa mavazi aliyechoka kungoja wateja, darasa huonekana kama bandari tulivu. Mshahara huja mwisho wa mwezi, na hakuna bibi harusi wa kumpigia simu saa tano usiku. Hata hivyo, safari ya kutoka kwenye cherehani hadi ubaoni ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na anayeianza bila kuijua njia huenda akapoteza miaka.

Sababu za kuianza zinajulikana. Tangu soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mitumba kujaa Gikomba na Kongowea, shati lililokwisha kuvaliwa ng’ambo limekuwa likiuzwa kwa bei isiyotosha kununua hata kitambaa cha shati jipya. Kiwanda cha Kicomi mjini Kisumu kilifungwa. Rivatex ya Eldoret nayo ilisimama, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka wa 2007. Mbunifu alibaki na ujuzi ambao soko halikuwa tayari kuulipia.

Anayetaka kufundisha shule ya upili ya umma sharti asajiliwe na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Hapo ndipo wengi hukwama. Shahada ya ubunifu wa mavazi, hata iwe ya daraja la kwanza, si shahada ya ualimu. Mwenye nayo hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu na kuthibitisha kuwa ana masomo mawili ya kufundisha. Isitoshe, nguo hazisimami peke yake kama somo. Zimo ndani ya Sayansi Kimu, bega kwa bega na upishi na utunzaji wa nyumba. Mtu aliyetumia miaka kumi akishona suti atajikuta akieleza jinsi ya kupika mchuzi mweupe.

Vyuo vya ufundi vina mlango mwingine. Sheria ya mwaka wa 2013 kuhusu elimu ya ufundi inamtaka kila mkufunzi awe na leseni ya mamlaka husika, TVETA. Mwenye stashahada ya ufundi anaweza kusomea ukufunzi katika chuo cha walimu wa ufundi kilichoko Gigiri, Nairobi. Fundi asiye na cheti chochote huanzia chini zaidi, kwa mitihani ya ufundi ya NITA, ambayo hupanda kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza. Ni uchungu kumwambia mama aliyeshona kwa miaka ishirini kwamba aanze na gredi ya tatu. Lakini mzazi anayelipa karo naye ana haki ya kujua kwamba anayemfunza mwanawe amepimwa.

Kazi hasa huanza baada ya karatasi hizo. Mbunifu hukitambua kitambaa kwa vidole. Mwalimu lazima aseme kwa nini. Chukua jaribio la moto, ambalo halihitaji maabara. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu. Sufu huwaka kwa shida, hunuka kama nywele, na mara nyingi hujizima ukiuondoa moto, kwa kuwa sufu na nywele zote zimeundwa kwa protini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kuwa shanga ngumu nyeusi. Mwanafunzi aliyeona hayo mara moja hatadanganywa tena na mwenye duka anayeapa kwamba kitambaa chake ni pamba tupu.

Rangi nazo zina masharti. Rangi nyingi zinazoshikana na pamba huhitaji magadi ili ziungane na uzi. Tia poliesta katika ndoo hiyo hiyo, nayo itatoka karibu kama ilivyoingia. Poliesta hutaka rangi za aina nyingine na joto kali, takriban nyuzi 130 chini ya shinikizo, jambo lisilowezekana kwa sufuria ya nyumbani. Kadhalika kukata kwa mshazari, mbinu iliyompa sifa Madeleine Vionnet mjini Paris katika miaka ya 1920. Kila mshonaji anajua kwamba kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka na kufuata mwili. Ni wachache waliowahi kulazimika kueleza kwamba mtande na mshindio hukutana kama miraba, na miraba hiyo ikivutwa pembeni hulala.

La mwisho ni mtihani. Katika karatasi ya ushonaji ya KCSE, ambayo chini ya mfumo wa 8-4-4 inafikia kikomo mwaka wa 2027, mtahiniwa hupewa kielelezo, kitambaa na muda mfupi, na aghalabu hutakiwa kushona nusu tu ya vazi. Mtahini hutazama mshono ulivyomalizwa, mfuko ulivyokaa na pindo lilivyonyooka. Mbunifu, aliyezoea kusifiwa kwa vazi zima linapopita jukwaani, hujifunza upya kutoa alama kwa kola isiyo na mwenziwe.